Profesa Akirudi Lubumbashi, Somo Libaki Kamina

Katika vyuo vikuu vya majimboni nchini Kongo kuna mwalimu ambaye kila mwanafunzi anamjua: profesa mgeni. Chuo hakina madaktari wa falsafa wa kutosha, basi kinamwomba mmoja kutoka Lubumbashi au mji mwingine mkubwa aje afundishe kozi yake. Anafika, anaingia ukumbini asubuhi, anatoka jioni, kesho hivyohivyo. Saa ambazo kwingine zingetawanywa katika miezi kadhaa zinabanwa ndani ya wiki moja au mbili. Mwishoni anatoa mtihani, anakusanya karatasi, anafunga mkoba. Mwanafunzi aliyepotea njia siku ya tatu hana wa kumrudisha, kwa kuwa siku ya tatu na siku ya kumi ziko karibu mno.

Chuo Kikuu cha Kamina, UNIKAM, kilizaliwa ndani ya utaratibu huo. Hadi 2010 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka huo serikali iliyapa matawi mengi ya vyuo vikuu uhuru wa kujiendesha, na Kamina ikapata chuo kikuu chake cha umma. Kisha 2015 Katanga ikagawanywa majimbo manne, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Hayo mawili yaliupandisha mji hadhi. Lakini tawi linageuka chuo kwa saini ya waziri, na daktari wa falsafa hapatikani hivyo. Mmoja tu huchukua miaka mingi ya kusoma, tena mara nyingi mbali na nyumbani, na akishamaliza ana sababu nyingi za kubaki kulekule. Kwa hiyo profesa mgeni ataendelea kuja Kamina kwa muda mrefu. Mimi sioni ubaya wowote katika kuja kwake. Ninachokiona ni kwamba akiondoka, anaondoka na kozi.

Watu wakizungumza juu ya teknolojia chuoni, mazungumzo huanzia kwenye vifaa: kompyuta ngapi, projekta ngapi, intaneti ya kasi gani. Kwa Kamina ningependa tuanzie hapa, kwenye siku ile profesa anapopanda gari au treni kurudi kwake. Ikiwa teknolojia ina kazi moja ya kufanya katika mji huu, ni kuifanya kozi ianze kabla mwenyewe hajafika na iendelee baada ya yeye kuondoka.

Na sasa hilo si jambo la hiari. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliuleta mfumo wa LMD, yaani Licence, Maîtrise na Doctorat, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ikautandaza nchi nzima. Katika mfumo huu mwaka mmoja ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 za kazi. Tuangalie saa hizo zinatumikaje. Sehemu yake ni za darasani. Zinazobaki ni za mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kufanya mazoezi, kuandaa kazi, kurudia alichokosea. Mfumo unachukulia kwamba kuna kitu cha kusoma na kuna mtu wa kumwangalia. Profesa akiwa kilomita 600 kutoka hapo, na maktaba ikiwa na nakala chache za vitabu vya zamani, saa hizo zinabaki kwenye karatasi tu. Mwanafunzi anahesabiwa krediti ambazo sehemu ya kazi yake hakuna aliyemwelekeza namna ya kuifanya.

Anayeziba pengo hilo leo si mwalimu. Ni CP, kiongozi wa wanafunzi wa mwaka mmoja, pamoja na duka la fotokopi. CP ndiye mwenye namba ya profesa. Ndiye anayepokea silabusi, akaipeleka kuchapwa, akakusanya pesa, akagawa nakala. Ndiye anayeanzisha kundi la WhatsApp, akapiga picha matangazo yaliyobandikwa kwenye ubao, ule ambao wanafunzi wa Kongo wote huuita valvu, na kuyatuma kwa wenzake waliobaki nyumbani. Ukitaka kuona teknolojia inavyotumika katika ufundishaji Kamina, fungua simu ya CP. Humo mna picha za ubao zilizopigwa kutoka safu ya nyuma, sauti za profesa zilizorekodiwa bila mpango, kurasa za kitabu zilizopigwa picha moja moja, na maswali ya wanafunzi usiku wa manane ambayo yanajibiwa na wanafunzi wenzao, mara nyingine sawasawa na mara nyingine sivyo. Teknolojia imeshaingia. Iliingia kwa mlango wa wanafunzi, na walimu wengi bado wako nje yake.

Korona ililithibitisha hilo. Rais Tshisekedi alipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo Machi 2020, nchi nzima ilikaa bila masomo hadi Agosti. Vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam navyo vilihangaika, ila pale ambapo palikuwa na mfumo wa kozi mtandaoni na walimu waliouzoea, kazi iliendelea kwa namna fulani. Katika vyuo vingi vya Kongo kilichobaki hai kilikuwa makundi ya WhatsApp.

Njia ya kawaida ya kuwasaidia walimu inajulikana. Mfadhili analeta kompyuta, mtaalamu anatoka mji mkuu, warsha ya siku mbili inafanyika, watu wanajifunza kutengeneza slaidi na kufungua akaunti, brevet zinagawiwa, picha zinapigwa. Wiki ijayo kila mmoja anarudi kufundisha kama zamani. Hili si aibu ya Kongo peke yake. Mwaka 2001 Larry Cuban, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha utafiti wake kuhusu shule za Silicon Valley, kitovu chenyewe cha kompyuta duniani, na akakuta kwamba vifaa vilijaa lakini walimu walivitumia kwa nadra darasani, na waliovitumia waliendelea kufundisha kwa mtindo uleule. Umeme ulikuwapo, mtandao ulikuwapo, pesa zilikuwapo. Kilichokosekana ni muda wa mwalimu kukaa na kulipanga upya somo lake, na mtu wa kulipanga naye.

Afrika Mashariki nayo ilipitia hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere kila kimoja kilijaribu mifumo ya kulipia kabla ya kuhamia Moodle, programu isiyolipiwa ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa 2002. Mfumo ulipatikana, walimu walioutumia wakabaki wachache kwa muda mrefu. Kati ya 2008 na 2013 mradi mmoja mkubwa uliviunganisha vyuo saba vya Afrika, vikiwemo Dar es Salaam, Makerere na Kenyatta, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukaa na walimu waligeuze somo wanalolifundisha wao wenyewe, badala ya kuwafundisha kompyuta kwa ujumla. Huo ndio mwelekeo ninaoutaka kwa Kamina, kwa sababu mwalimu wa hesabu au wa sheria hakosi akili ya kubonyeza. Anachouliza moyoni ni hiki: kozi yangu ya saa 45, sura ya tatu ambayo wanafunzi huanguka kila mwaka, hiki kifaa kinanisaidiaje hapo? Warsha ya jumla haiwezi kumjibu. Mwenzake anayekijua kifaa na kulijua somo anaweza.

Nchi hii ya Waluba ililijua jambo hilo zamani sana. Chama cha Mbudye, kilichotunza kumbukumbu za ufalme wa Waluba, kilikuwa na lukasa: ubao wa kuchongwa unaotosha mkononi, uliopangwa shanga na kombe. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto, akagusa shanga kwa kidole cha mkono wa kulia, na kwa kila shanga akasimulia: mfalme huyu, safari ile, mahali palipozikwa fulani. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa namna mbalimbali kulingana na hadhira na shughuli. Kusoma hakukuwa kwa kila mtu. Mwanachama alipanda ngazi za chama akiwa karibu na waliomtangulia, na waliofika juu ndio waliosoma. Lukasa moja leo imo katika Makumbusho ya Brooklyn, New York. Imehifadhiwa vizuri, ila pale haimfundishi mtu kama ilivyofundisha mikononi mwa Mbudye, kwa kuwa msomaji wake hayupo. Ninapoona projekta mpya imefungiwa kabatini katika ofisi ya mkuu wa kitivo, na funguo ziko kwa mtu aliyesafiri, huwa naifikiria lukasa ile.

Basi ni nani wa kupandishwa ngazi kwanza Kamina? Jibu langu ni asistenti na chef de travaux, walimu wa ngazi za chini ya profesa; huyu wa pili kila mtu humwita CT. Hao ndio wakazi. Profesa mgeni anakuja na kuondoka. Asistenti anaishi mtaani, anakutana na wanafunzi sokoni na kanisani, anajua nani ana simu ya kisasa na nani anaazima ya kaka yake. Miradi mingi ya mafunzo huwaanza maprofesa kwa heshima ya cheo. Heshima iwepo, lakini kazi ianzie kwa anayebaki. Kila kozi ya mgeni ipewe asistenti mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwenye ratiba, na hao wawili waiandae pamoja wiki kadhaa kabla ya safari.

Tuseme kozi ni ya takwimu, mwaka wa kwanza. Mwezi mmoja kabla ya profesa kufika, yeye akiwa Lubumbashi anarekodi kwenye simu yake vipande vitano vya sauti, kila kimoja dakika kumi, kuhusu mambo ambayo mwanafunzi lazima ayajue kabla: asilimia, wastani, namna ya kusoma jedwali. Kwa nini sauti na si video? Kwa sababu ya mega. Mwanafunzi Kamina hununua mega kwa pesa za chakula, na nchi hii haijasahau ushuru wa RAM, ambao kuanzia 2020 ulikuwa ukikatwa kwenye yunite za simu hadi ulipofutwa 2022 baada ya malalamiko makubwa. Dakika kumi za sauti kwenye WhatsApp hazifiki mega tatu. Dakika kumi za video zinaweza kumeza mega mia moja. Pamoja na sauti hizo asistenti anaandaa karatasi moja ya mazoezi, anaikusanya, anaisahihisha, na kumwandikia profesa ujumbe: wastani wanauelewa, asilimia hawaielewi. Profesa anafika akijua aanzie wapi. Siku mbili ambazo angezipoteza akitafuta kiwango cha darasa amezipata. Akiondoka, kazi za wiki nne zinazofuata ziko tayari, na asistenti ndiye msimamizi.

Katika yote hayo hakuna kifaa kilichonunuliwa. Hatua ya pili ndiyo inayohitaji kununua, na si kikubwa. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, inayotosha kiganjani, ilipoanza kuuzwa 2012 bei yake ilikuwa dola 35. Ukiitia kadi ya kumbukumbu na ukaiwekea Moodle, vitabu huru na programu ya Kiwix, inakuwa maktaba yenye wi-fi yake. Wikipedia nzima ya Kifaransa, picha zikiwemo, inaingia katika kadi ya GB 64. Mwanafunzi anakaa uani, anawasha wi-fi ya simu, anafungua kozi, anapakua silabusi, na hakuna mega hata moja inayokatwa, kwa kuwa hakuna intaneti inayotumika. Kadi ikijaa vitu vipya kutoka Lubumbashi, inaweza kuletwa na msafiri yeyote mfukoni.

Na umeme? Mashine hiyo hula takriban wati tano; paneli ndogo ya jua na betri vinaiendesha usiku kucha. Nasema hivi nikijua kwamba Haut-Lomami ina bwawa lake la Kilubi, lililojengwa enzi za Wabelgiji, na kwamba tangu 1982 laini kubwa ya umeme wa Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inavuka nchi kwenda kwenye migodi ya Kolwezi huku vijiji vilivyo chini yake vikikaa gizani. Hilo ni deni la kudaiwa, tena kwa sauti. Ila mwanafunzi wa mwaka huu hawezi kusubiri deni lilipwe.

Kuhusu intaneti yenyewe, mambo yanasogea. Starlink, ambayo Kongo iliikataza Machi 2024, ilipata leseni Mei 2025. Vyuo vya kanda vimeshaungana kupitia UbuntuNet, umoja wa mitandao ya elimu na utafiti ulioanzishwa 2005, na Kongo inawakilishwa humo na mtandao wake wa Eb@le. UNIKAM ina haki ya kudai kiti chake katika safari hiyo. Mtandao ukija leo na kozi haijaandaliwa, utaleta sinema.

Sasa kuna jambo ambalo warsha hazilitaji, na bila kulitaja tutadanganyana. Silabusi ni pesa. Mwalimu anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa huuza nakala za kozi yake kwa wanafunzi, na kwa wengine mauzo hayo ndiyo karo ya watoto. Wizara imeshakemea mara kwa mara desturi ya kumlazimisha mwanafunzi kununua, na wanafunzi wameteseka kwayo, hasa pale ambapo asiye na nakala anaogopa hata kuingia mtihani. Sasa anakuja mtaalamu na kumwambia mwalimu: weka kozi yako yote kwenye mashine, kila mtu asome bure. Mwalimu anatabasamu, anaitikia, na haweki kitu. Kumwita mkaidi au mshamba wa teknolojia ni kumwonea. Anapiga hesabu ambayo sisi wengine tungeipiga pia.

Dawa ninayoiona ni chuo kuinunua kozi. Mwalimu anayeiandaa kozi ikawa na mazoezi, majibu, sauti na mpango wa wiki kwa wiki, alipwe kwa kazi hiyo mara moja, na kila anapoihuisha alipwe tena kidogo. Pesa ambazo wanafunzi huzitoa kwa fotokopi zipitie mlango wa chuo kwa uwazi, kiwango kikiwa chini ya bei ya nakala. Na kazi hiyo ihesabiwe katika kupanda cheo. Asistenti akitaka kuwa CT anaulizwa makala alizochapisha. Hakuna anayemuuliza ni wanafunzi wangapi waliokuwa wakianguka takwimu sasa wanafaulu kwa sababu ya mazoezi aliyoyatunga. Mpaka aulizwe hilo, usiku wake ataupeleka kwenye makala, na ana haki.

Jingine linakuja kwa kasi. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu anaweza kuandikiwa kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo bila kunyanyuka kitini. Zamani alikwenda kwa mchapaji wa mtaani akanakiliwa kazi ya mwenzake wa miaka iliyopita. Kosa ni lilelile, mwendo ndio umebadilika. Hapa msaada kwa mwalimu ni kumketisha na kumwonyesha namna ya kutunga swali ambalo mashine haina jibu lake. Usimwambie mwanafunzi aeleze maana ya mfumuko wa bei. Mwambie aende soko la Kamina Jumamosi tatu, aandike bei ya samaki mkavu anayetoka maziwa ya Upemba kupitia Bukama, aulize wauzaji watatu kwa nini imepanda, kisha aje aitetee hesabu yake mbele ya wenzake. Kuhusu njia za reli zinazokutana hapa, ile ya Ilebo iliyofunguliwa 1928 na ile ya Kabalo iliyofuata 1956, mwanafunzi wa historia ana wazee wa reli wa kuwahoji na kuwarekodi kwa simu. Mwalimu akilizoea swali la namna hiyo, simu inageuka chombo cha kukusanya elimu ambayo haijaandikwa popote.

Sharti moja lisivunjwe: chochote kinachotoa alama kisimtegemee mwenye mega peke yake. Wako wanafunzi wasio na simu ya kisasa, na ni rahisi kuwasahau kwa sababu hawamo kwenye kundi la WhatsApp kulalamika. Kila kilicho kwenye mashine kiwe pia kwenye karatasi maktabani, nakala mbili au tatu. Asistenti aketi saa maalumu, mlango wazi, kwa anayetaka kuuliza kwa mdomo.

Kwa wakuu wa UNIKAM, na wa chuo kikuu cha Wamethodisti kilichopo mjini humohumo, ombi langu ni dogo. Chagueni kozi kumi za wageni ambazo wanafunzi huanguka zaidi. Kila moja ipewe asistenti mkazi, na asistenti huyo apunguziwe kazi nyingine muhula mzima. Mwiteni profesa kwa simu mwezi mmoja kabla, si juma moja kabla. Na wewe uliyesomea Kamina, ambaye sasa uko Lubumbashi, Kolwezi au Ulaya na unafikiria kukipelekea chuo chako kompyuta, kwanza mpigie asistenti unayemjua, umuulize kozi yake inakwama wapi, ndipo utume.